Mackendrick, Fundi Aliyeingia Darasani

Waongozaji wengi wa filamu wakizeeka huitwa vyuoni kusimulia. Mzee hueleza alivyogombana na nyota fulani, wanafunzi hucheka, kipindi huisha. Alexander Mackendrick, ambaye waliomzoea walimwita Sandy, angeweza kula pensheni kwa visa vya namna hiyo. Yeye aliketi kwenye taipureta akaanza kuandika masomo.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1912, wazazi wake wakiwa Waskoti. Baba alifariki katika lile janga la mafua lililoambatana na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, na mtoto akavushwa bahari kwenda kulelewa na babu yake Glasgow. Huko alisomea sanaa ya uchoraji, kisha akachora matangazo ya biashara London kabla ya kuingia studio za filamu za Ealing. Uchoraji huo ndio ufunguo wa mambo yake yote. Mtu aliyezoea penseli hujiuliza kwanza nani amekaa wapi na anamtazama nani, ndipo aulize anasema nini. Ealing ilimpa Whisky Galore! (1949) na The Ladykillers (1955). Baadaye, katika Sammy Going South ya 1963, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa kwetu Afrika Mashariki, alisimulia safari ya mtoto yatima kutoka Port Said kwenda Durban kumtafuta shangazi. Ukijua utoto wa Mackendrick mwenyewe, filamu hiyo hutaitazama kama hadithi ya kusisimua tu.

Hollywood haikumfaa. Aliondolewa kwenye filamu mbili kubwa, The Devil's Disciple na The Guns of Navarone. Mwaka 1969 akachukua kazi ya kuwa mkuu wa shule ya filamu katika California Institute of the Arts, chuo kilichoanzishwa na Walt Disney. Ukuu aliuacha 1978, lakini darasa hakuliacha hadi alipofariki Desemba 1993.

Alikuwa akisema kwamba filamu haifundishiki, hujifunzwa tu. Kauli hiyo kinywani mwa mwalimu mvivu ingekuwa kisingizio. Kwake ilikuwa kinyume kabisa: ilimlazimu kubuni kazi za mikono. Mwanafunzi alitakiwa achukue filamu ambayo imekwisha kutengenezwa, aifumue hatua kwa hatua, na kila hatua aiandike kwa ufupi: nani anataka nini, nani anamzuia, na baada ya hapo kitu gani kimebadilika. Ni kazi ya kuchosha. Lakini aliyeifanya kwa uaminifu hugundua kwamba sini aliyoidhani ni ya mapambo imebeba sini nne zinazofuata, na ile iliyomliza haina inachokibeba.

Mfano bora zaidi wa ufundi huo umo katika filamu yake mwenyewe, Sweet Smell of Success ya 1957. Skripti ilikuwa ya Ernest Lehman, kisha Clifford Odets akaitwa kuisuka upya, na alikuwa akiandika hata wakati upigaji ukiendelea. Tazama sini ya mgahawani New York. J. J. Hunsecker, mwandishi wa safu anayeogopwa na mji mzima, ameketi na seneta, wakala na msichana. Sidney Falco, mtu wa kuwatafutia wateja sifa magazetini, anafika na kukaa kando yake, nyuma kidogo ya bega. Hunsecker hageuki kumtazama. Anamwambia mhudumu kwamba hamtaki mtu huyu mezani. Falco anataja ujumbe kutoka kwa dada yake Hunsecker. Amri inafutwa papo hapo. Sasa tunajua udhaifu wa bwana mkubwa, na hakuna aliyetueleza.

Halafu yanaanza mazungumzo ambamo neno halimwendei moja kwa moja anayekusudiwa. Hunsecker anamhoji wakala ili amchome msichana, na anamchoma msichana ili seneta atetemeke. Watu watano, na kila wawili kati yao wana jambo lao. Mackendrick aliichambua sini hii kwa wanafunzi, akiweka maandishi ya Odets pembeni ya yale ya awali, ili waone kwamba mhusika hana tabia akiwa peke yake. Tabia huonekana anapogongana na mwingine. Nimeirudia sini hiyo mara nyingi na bado napata mtazamo wa jicho nilioupita.

Jambo jingine alilolisisitiza ni kwamba sinema ilikuwa na lugha yake kabla haijapata sauti: uso, kile unachokiona, kisha uso tena, na mtazamaji amekwisha kusoma wazo. Waliokulia Zanzibar na Dar es Salaam wakitazama filamu za Kihindi bila kujua Kihindi hawahitaji kuthibitishiwa hili. Wanaohitaji ni sisi tunaopiga filamu ambazo wahusika wawili hukaa sebuleni kuelezana mambo wanayoyajua wote wawili.

Masomo hayo aliyaandika, akayachorea vielelezo, akayagawa darasani, kisha akayaandika upya mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni James Mangold, aliyeongoza Walk the Line na Logan. Baada ya kifo cha Mackendrick, Paul Cronin aliyahariri masomo hayo yakawa kitabu, On Film-Making, na Martin Scorsese akakiandikia dibaji. Wenye vyuo vya filamu Dar es Salaam na Nairobi, kabla ya kuagiza kamera nyingine, tafuteni mtu wa kukifasiri kitabu hicho.