Neno "Mbadala" katika Habari za Tiba

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, majina haya mawili yametembea pamoja kama pacha. Yamo katika jina la Baraza linalosajili waganga, yamo magazetini, na yamepakwa rangi juu ya milango ya maduka ya dawa. Kenya nako neno tiba mbadala limekwisha shika mizizi, ijapokuwa huko watu wengi hupenda zaidi kusema miti shamba. Mambo ya sheria yana wenyewe, nami siyagusi. Ninalotaka kulipima hapa ni neno lenyewe mbadala, kwa kuwa naona limepewa kazi isiyo yake, na kosa hilo haliishii vitabuni bali lafika mpaka kitandani mwa mgonjwa.

Badala ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake katika Kiswahili haina giza: ni kitu kinachowekwa mahali pa kingine. Mtu akimwambia mwenye duka, "Nipe mchele badala ya unga," hatarajii kupewa vyote viwili. Kubadili, kubadilisha na kubadilishana ni jamaa wa ukoo huo huo, na katika yote kuna kitu kinachotoka na kitu kinachoingia. Mbadala nalo limefaa sana mahali pengine. Nishati mbadala ni ile itumikayo mahali pa kuni na mkaa; adhabu mbadala ni ile apewayo mkosaji asipelekwe gerezani. Basi tiba mbadala, kwa mtu anayesikia Kiswahili kwa masikio ya kila siku, hapana budi iwe ni tiba anayoishika mgonjwa baada ya kuiacha nyingine.

Je, ndivyo watu wafanyavyo? Hasha. Mama mwenye mtoto wa homa humpeleka zahanati asubuhi, na jioni bibi yake mtoto humwogesha kwa maji ya majani aliyochemsha. Mzee mwenye kisukari humeza vidonge vyake, kisha hunywa mlonge. Aliyevunjika mguu hufungwa plasta hospitali, na plasta ikiisha kutolewa huenda kwa mjuzi wa kuchua. Hawa wote hawakubadili kitu, wameongeza. Neno tulilowapa lawasingizia jambo wasilolitenda.

Asili ya kosa hili ni tafsiri. Waingereza na Wamarekani wana maneno mawili, nao huyataja pamoja kwa kiungo cha "na": moja ni la tiba ifuatanayo na ile ya hospitali na kuitimiza, la pili ni la tiba ishikayo mahali pake. Jozi hiyo ilipovuka kuja kwetu, neno la kwanza lilizama njiani na la pili likabebeshwa mizigo yote. Wenyewe waliotuazima wamekwisha anza kulitilia shaka. Marekani waliunda kituo cha taifa cha utafiti wa mambo haya mwaka 1998, na jina lake lilikuwa na maneno yote mawili. Mwezi wa Desemba 2014 kituo hicho kilibadilishiwa jina. Neno lenye maana ya badala likaondolewa, na mahali pake likawekwa neno lenye maana ya kuunganisha. Sababu waliyoitoa ni kwamba Wamarekani wanaoiacha kabisa tiba ya hospitali ni wachache. Shirika la Afya Duniani nalo, katika maandishi ya mkakati wake wa 2014 hadi 2023, lilizungumza zaidi juu ya tiba za jadi na tiba za kutimiza. Sisi tumebaki na vazi ambalo mshonaji wake amekwisha livua.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikuwa na neno lake kabla ya hayo yote, na maana yake ni kinyume cha badala. Kuganga ni kuponya, lakini pia ni kufunga na kuunga kilichovunjika. Na gango ni kipande cha mti au cha chuma kinachoshika vitu viwili visiachane. Mganga basi, kwa shina la jina lake, ni mwunganishaji. Kila siku twasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," na katika watu kumi wasemao hivyo sijui ni wangapi wanaokumbuka kwamba ndwele ni ugonjwa na kuganga ni kazi ya tabibu.

Neno hili tena halikujenga ukuta kati ya hospitali na nyumbani. Bara, serikali imelitumia bila haya. Mganga Mkuu wa Serikali ni mkubwa wa madaktari wote waliosoma vyuo vikuu. Chini yake wako Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya. Na hata zahanati ya kijijini ina Mganga Mfawidhi wake. Hapana mtu asikiaye cheo cha Mganga Mkuu akafikiri habari za ubani na vibuyu. Mwanakijiji aliyetoka kwa mganga wa zahanati na kwenda kwa mganga wa chini ya mwembe ametumia neno moja kwa wote wawili. Akitaka kuwatenga, hutumia kivumishi. Tena hakumchanganya mganga na mchawi. Mchawi huroga na mganga huagua, na kila Mswahili ajua yupi wa kukimbia na yupi wa kukimbilia. Ni Kiingereza kilichomshona mchawi na daktari katika jina moja, na fikira hiyo ndiyo iliyowaweka waganga wengi katika wasiwasi mbele ya sheria za uchawi za wakati wa ukoloni, ile ya Kenya ya 1925 na ile ya Tanganyika ya 1928. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliweza kueleza waganga, pepo na maradhi kama mambo ya mjini mwake, pasipo kuona haja ya kuyaombea radhi.

Vivumishi vyenyewe vina historia yake. Kwanza tulikuwa na mganga wa kienyeji. Kienyeji ni neno la heshima, lililotoka kwa mwenyeji, ambaye ndiye anayempokea mgeni. Lakini katika vinywa vya maofisa liligeuka likawa na maana ya kitu duni. Ikaja jadi, na baada yake asili. Muhimbili palifunguliwa kitengo cha kuchunguza dawa hizo mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na hata leo waandikaji wengine huandika tiba asili na wengine tiba asilia, kila mmoja akidhani mwenziwe amekosea. Mimi ningependa tiba ya asili, kwa kuwa kile kiungo "ya" ni kidogo na hakimzuii mtu kupita. Walakini sitaki kupigana kwa ajili yake.

Swali kubwa zaidi ni hili: asili ya nani? Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, tiba iliyo mali ya mila za nchi ni ya jadi, na ile isiyo ya mila za nchi hiyo wala ya madaktari wake ndiyo inayoitwa ya kutimiza au ya badala. Kwa hesabu hiyo sindano za Kichina ni asili zikiwa Beijing na ni mbadala zikifika Dar es Salaam, na vitone alivyovibuni Mjerumani Samuel Hahnemann mwishoni mwa karne ya 18 ni mbadala mahali pengi. Kipimo hiki chafaa bara. Kikifika pwani, chavunjika. Kuumika kwa chuku, yaani kutoa damu kwa pembe, kumekuwako katika miji ya mwambao tangu zamani. Habasoda nayo, na elimu ya matabibu waliosoma vitabu vya Kiarabu ambavyo nusu ya hekima yake ilitoka kwa Wayunani. Je, hiyo ni asili ya Lamu, au ni mgeni? Ilikuja na watu waliozaa na kuzikwa hapa. Sheria yenye milango miwili haina mlango wa mtu huyu. Siku hizi maduka ya kazi hiyo huandika hijama, na vijana wengi hawajui tena chuku ni nini, ila wajua kupiga chuku, yaani kutia chumvi katika maneno. Pembe imepotea, uongo umebaki.

Sasa nije kwenye madhara. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, aliwapa watu kikombe cha maji ya mti uitwao mugariga, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wako waliofia njiani. Mwenyewe hakusema habari za mbadala. Alisema kikombe, na nguvu yake aliihesabu kuwa ni ya Mungu. Lakini wako wagonjwa waliokwisha kunywa wakaziacha dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI, na hao walifanya hasa lile ambalo neno mbadala hulieleza. Sisemi kwamba neno liliwaua. Imani, kuchoka na umaskini vilikuwa na nguvu kuliko kamusi yo yote. Nasema kwamba siku ile ambapo taifa lilihitaji neno la kuwaambia watu "kunyweni, lakini msiache vidonge," lugha rasmi ya tiba haikuwa nalo, kwa kuwa ilikuwa imekwisha sema "hiki au kile."

Madhara ya pili hayana kelele, nayo kwa maoni yangu ndiyo mabaya zaidi. Mgonjwa akiona kwamba dawa yake ya nyumbani inaitwa badala ya dawa ya daktari, huiona kuwa ni usaliti, na usaliti hufichwa. Kumbe daktari angehitaji sana kujua. Vidonge vya kitunguu saumu, ambavyo hapana amdhaniaye mwenye kuvinywa kuwa ametenda jambo la hatari, vilionekana katika uchunguzi uliochapishwa 2002 kupunguza karibu nusu ya kiasi cha saquinavir, mojawapo ya dawa za UKIMWI za siku zile, katika damu. Balungi nalo huzidisha nguvu ya dawa kadha wa kadha mwilini. Mambo haya hutukia vitu viwili vinapokutana. Na neno mbadala husema kwamba havikutani.

Palipo na maneno mengine, mambo hayakwenda hivyo. Kule Tanga, tangu miaka ya 1990, kikundi cha Tanga AIDS Working Group kilifanya kazi na waganga wa miti pamoja na watu wa hospitali, dawa za mizizi zikitumiwa kwa magonjwa yanayomwandama mwenye UKIMWI. Huo ulikuwa uganga kwa maana yake ya kale.

Wengine watasema: kama ni hivyo, tuvunje mipaka yote, kila dawa ni dawa. Sikubali. Neno dawa lenyewe ni pana mno. Lashika kidonge, hirizi, kiwi cha viatu na sumu ya mende. Jina la mwarobaini ladai kuponya maradhi arobaini, nalo ni jina zuri, lakini jina si ushahidi. Bibi Tu Youyou wa China alisoma katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba majani ya mmea fulani huloweshwa katika maji na kukamuliwa ili kutibu homa. Kutokana na habari hiyo alifikiri kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali, akaipima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo leo imo katika vidonge vyetu vya malaria, ambavyo mtu mwenye sikio zuri alivipa jina la dawa mseto, kutoka katika chungu cha mchele na choroko. Walakini chai ya majani yale yale Shirika la Afya Duniani haliikubali kuwa tiba ya malaria, kwa kuwa kipimo chake hakitulii. Mti ni mmoja, hukumu ni mbili, na lugha yapasa iweze kuzitaja zote.

Mapendekezo yangu ni machache. Tiba itumiwayo pamoja na ya hospitali na iitwe tiba ya nyongeza. Nimesikia wasemao tiba kamilishi, lakini neno hilo linaahidi ukamilifu kabla haujaonekana. Nyongeza ni neno la sokoni, na kila mnunuzi ajua kwamba nyongeza hutiwa juu ya kipimo kilichokwisha pimwa. Neno mbadala lisifutwe. Libakizwe kwa mgonjwa aliyeacha dawa za hospitali na kushika nyingine, maana hali yake ni tofauti na ya wenziwe na daktari yampasa aione upesi. Na chumbani mwa daktari, swali la "Je, umekwenda kwa tiba mbadala?", ambalo jibu lake aghalabu huwa ni "La," liulizwe hivi: "Pamoja na dawa hizi, unatumia nini kingine nyumbani?"