Usingizi wa Kisicho na Mwili: Uhakiki wa Istilahi za Usimamizi wa Umeme katika Vifaa vya Mashine Pepe

Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, ambazo kwazo mfumo endeshi hupewa mamlaka ya kuamua ni sehemu gani ya kompyuta ipate umeme na ipi inyimwe. Kanuni hizo ziliandikiwa vitu vyenye uzito: diski inayozunguka, feni, betri, skrini. Ngazi za mashine nzima zilipewa majina kuanzia S0 hadi S5, na za kifaa kimoja kimoja D0 hadi D3. Lugha iliyozizunguka ngazi hizo ni lugha ya mwili: mashine hulala, huamshwa, hurudi kazini.

Baadaye lugha hiyohiyo ilihamia mahali pasipo na mwili. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake ni faili, kadi yake ya mtandao ni mistari ya msimbo. QEMU, iliyoasisiwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, na KVM, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, humpa mgeni majedwali ya ACPI kama yale ambayo angeyakuta katika chuma halisi, naye huyasoma na kuyatii. Swali linalotushughulisha hapa ni la kiistilahi kabla ya kuwa la kiufundi: kadi isiyokula umeme inapoamriwa ilale, ni nini hasa kinacholala?

Jibu jepesi ni kwamba hakilali chochote, na kwamba amri hiyo ni kiini macho. Jibu hilo linachochewa na tafsiri zetu wenyewe. Tukisema “usimamizi wa nguvu” tumechukua neno linalobeba pia mabavu na uwezo. Tukisema “nishati” tumeingiza kuni na makaa. “Umeme” ni wazi zaidi, na ndilo tunalolitumia hapa, ingawa nalo linaficha jambo. Amri ya kulala ina maudhui mawili. La kwanza ni mapatano kuhusu hali: kifaa kiache kazi, na ijulikane ni nini kitakachokumbukwa na nini kitakachopotea. La pili ni kupunguza matumizi. Katika chuma mambo hayo huandamana, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuyatenganisha. Katika mashine pepe yanaachana.

Tuanze na hali. Mgeni anapoingia S3, kumbukumbu yake inabaki ilivyo, lakini vifaa vinaweza kuzimwa. Kwa hiyo viendeshi vya virtio katika Linux husimamisha kazi kabla ya usingizi, na baada ya kuamka hukianzisha kifaa upya na kujenga tena foleni za maombi. Kwa kadi ya mtandao utaratibu huu unatosha, kwa kuwa pakiti iliyopotea hutumwa tena. Kwa virtio-gpu mambo ni mengine. Picha ambazo mgeni alikwisha kuzikabidhi zinatunzwa upande wa mwenyeji. Kifaa kikianzishwa upya zinafutwa, na mgeni huamka akirejelea vitu visivyokuwepo tena. Mtumiaji aliyefundishwa kwamba suala lote ni umeme hatajua pa kuanzia kutafuta hitilafu hiyo, kwa sababu umeme haukuhusika popote.

Je, basi tuseme usingizi wa kifaa pepe hauokoi umeme kamwe? Hapana, na hapa ndipo jibu jepesi linaposhindwa kabisa. Chukua kielekezi cha USB ambacho QEMU humpa mgeni ili mshale wa kipanya ufuatane na skrini ya mwenyeji. Kikiunganishwa kwa kidhibiti cha aina ya UHCI, kanuni za USB zinataka orodha ya kazi ipitiwe kila milisekunde moja. Kidhibiti halisi hufanya hivyo kwa sakiti zake. Kidhibiti cha kuigiza hakina sakiti. Lazima prosesa ya mwenyeji iamke mara 1,000 kwa sekunde kuuliza kama mshale umesogea, hata kama hakuna mtu mbele ya skrini. Prosesa inayogutushwa hivyo haipati nafasi ya kuzama katika ngazi zake za ndani za mapumziko. Mgeni akiruhusu kielekezi kilazwe kinapokaa bila kazi, naye akakisimamisha kidhibiti, saa ile ya kuigiza husimama, na umeme unaookolewa ni wa kweli kabisa, katika chuma cha mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Hapa mwenyeji hupona mgeni anapolala. (Vidhibiti vya xHCI vilipunguza sana tatizo hili, maana muundo wao haudai upitiaji wa namna hiyo.)

Kutokana na mfano huo, “pepe” na “dhahania” zote zina walakini. “Pepe” tumeizoea katika barua pepe, ambako inaeleza njia ya usafirishaji. “Dhahania” inaeleza kilichomo akilini tu. Kidhibiti kinachomwamsha mwenyeji mara elfu kwa sekunde hakimo akilini. Makala hii inapendekeza “kifaa kaimu”. Kaimu hana cheo chenyewe, lakini saini yake inafanya kazi, na gharama za ofisi yake hulipwa na mtu.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao hatujautumia. Mgeni anayeingia S3 kwa hiari yake *hulala*: ameviaga vifaa vyake, ameweka mambo sawa. Mwenyeji anaposimamisha mashine nzima kutoka nje, mgeni hana habari. Hakuna kiendeshi kilichoarifiwa, na akiendelezwa anaweza kukuta saa yake imeachwa nyuma. Kuyaita yote mawili “kulala” ni kosa. Tukio la pili tuliite *kugandishwa*. Watumiaji wa kawaida tayari husema kompyuta “imeganda” inapokwama kwa hitilafu. Kauli ya kutendeshwa inaongeza kwamba yupo aliyefanya hivyo kwa makusudi. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja unabeba tofauti ambayo miongozo mingi huieleza kwa aya nzima. Vivyo hivyo kifaa *hulazwa* na mgeni, hakilali chenyewe.

Ipo sehemu moja ambako pendekezo letu linagonga ukuta. Mwenyeji anaweza kumkabidhi mgeni kifaa halisi, kwa mfano kadi ya michoro, kupitia VFIO. Hapo hakuna kaimu. Chuma ni chuma. Amri ya mgeni ya kukishusha hadi D3 hupita kwanza mikononi mwa mwenyeji, naye anaweza kuitekeleza kwa kifaa chenyewe. Lakini D3 ina daraja mbili: moja ambayo kifaa bado kinapata umeme na kuweza kusikia amri, na nyingine ambayo umeme umekatwa kabisa. Hiyo ya pili haifikiwi kwa kuandika katika rejista za kifaa peke yake. Inahitaji mfumo wa mwenyeji ukate umeme. Mgeni amepewa kifaa bila kupewa swichi ya ukutani, na uhusiano huo haumo katika “kaimu” wala katika “halisi”. Kwa sasa tunauita “kifaa cha kuazimwa”, tukijua kwamba kuazima kwetu kwa kawaida hakuelezi ni nani anayeshika swichi.