Ribe na Walimu wa Ngoma

Kilifi, katika pwani ya Kenya, ina shule za umma za kujivunia, na Shule ya Upili ya Wavulana ya Ribe ni mojawapo. Iko Ribe, ambako Wamethodisti walifungua misheni mwaka 1862, jirani na Kaya Ribe, msitu wa Wamijikenda uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2008.

Maisha ya bweni hapo ni kengele ya alfajiri, prepu, gwaride, masomo, mpira wa jioni.

Lakini zaidi ya ratiba hiyo, pongezi kubwa ziwaendee walimu wa tamasha za muziki katika shule za pwani hii. Wakimaliza kusahihisha madaftari, huwafunza vijana ngoma za Kigiriama, mwanzele ikiwemo: mguu, bega, kayamba. Kazi hiyo haihesabiwi katika matokeo ya mtihani wa kitaifa wa KCSE, nao huifanya kila msimu kwa moyo mkunjufu.