Hongera kwa mafundi wa imigongo

Madereva wa malori wanaotoka Lusahunga, Biharamulo, wakapita Benaco hadi daraja la Rusumo wilayani Ngara, huwaza foleni ya forodha tu. Ni haki yao. Lakini ng'ambo ya mto Kagera, katika wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, wapo akina mama wa kusimamishiwa gari.

Wanachora imigongo, picha za mistari iliyoinuka, kwa mavi ya ng'ombe. Huyachanganya na majivu kukata harufu, kisha fundi huchora mistari yake ubaoni: pembetatu, mizunguko. Hapo huchukua tonge, akalibana kwa vidole juu ya mstari, kidogo kidogo, mpaka unainuka kama tuta la viazi. Likikauka husuguliwa kwa msasa. Rangi huja mwisho: nyeupe na nyekundu za udongo, nyeusi ya majivu ya maganda ya ndizi yaliyokorogwa na utomvu wa mshubiri na ndulele.

 Mstari wa namna hii unaweza kuupapasa gizani ukautambua.

Siku hizi rangi za dukani zimeingia. Mimi bado nachagua zile tatu za zamani. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ufundi huu ulikaribia kupotea, wajane wa Nyarubuye wakaufufua. Mwenyeji wa Ngara, aliyezoea kuona sakafu ikisiribwa kwa mavi hayohayo, atawaelewa upesi kuliko mtalii.