Mkandaa si Mkoko: Kasoro katika Tafsiri za Miti ya Dawa

Katika tafsiri za vijitabu vya mimea tulizozipitia, karibu kila mti uotao kwenye matope ya maji ya chumvi umeitwa mkoko. Urahisi huo wavumilika katika somo la jiografia. Katika maelezo ya dawa haufai hata kidogo. Mkoko ni Rhizophora mucronata, wenye mizizi iliyojipinda juu ya matope kama matao. Mkandaa ni Ceriops tagal, na wakata boriti wa Lamu, Rufiji na Unguja hawauchanganyi na mchu, msinzi wala mkomafi. Mfasiri ana haki gani ya kuyafuta majina hayo?

Mkandaa mara nyingi ni mti mfupi tu. Wako walioandika kuwa ni "kichaka", nasi tungependa kuelezwa ni lini kichaka kilipoacha kuwa mahali penye miti iliyosongamana kikawa mti mmoja.

Kosa kubwa zaidi limo katika matumizi. Gome la mkandaa lina tanini nyingi. Ndiyo sababu limetumika tangu zamani kudabighi ngozi na kutia rangi, na ndiyo sababu katika Asia ya Kusini-Mashariki maji ya gome lililochemshwa yametumiwa kuzuia damu. Tanini hukaza ngozi na utando wa ndani ya mwili. Kwa hiyo magome ya namna hii hutumiwa pia na waganga kumzuilia mgonjwa tumbo la kuendesha. Mfasiri mmoja alipofika hapo aliandika "dawa ya kuharisha". Dawa ya kuharisha ni haluli! Aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini, akiisadiki tafsiri hiyo, ataiepuka iliyokusudiwa au atatafuta isiyomfaa. Hata "dawa ya kuhara" ina utata, kwani msomaji mmoja ataelewa kwamba yaondoa kuhara na mwingine kwamba yaleta. Tunapendekeza "dawa ya kuzuia kuhara", ijapokuwa ni ndefu.

Kuhusu sifa ya gome lenyewe, tumekuta "astrinjenti". Mtoto yeyote aliyewahi kuuma bibo bichi aujua ukakasi. Basi na iandikwe "dawa yenye ukakasi", na kando ya jina la mti, mkandaa au mkomafi, liwekwe jina lake la kisayansi.