Mwendokasi kwa macho ya mtu wa Tabora

Wana Tabora, nimepanda mwendokasi ya Dar es Salaam! Nimeshuka basi la mkoani pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, usingizi bado machoni. Nikaelekezwa dirishani kukata tiketi, na punde nikawa ndani ya lile basi refu lenye viwiko vya mpira katikati, linalojikunja kwenye kona huku wewe umesimama ndani unaona mkia wake ukifuata. Kuanzia Kimara likashika njia yake ya katikati ya Barabara ya Morogoro, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Kulia foleni, kushoto foleni, magari ya bei mbaya yamezimwa injini, wenye magari wamekunja sura. Sisi tunapita. Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, Ubungo! Shekilango, Manzese, Magomeni! Nilitamani kumshika mkono abiria wa jirani nimwambie, ndugu yangu, unaona maajabu haya? Yeye anachezea simu. Ameshazoea.

Maajabu yenyewe nimeyachunguza kituo hadi kituo, na nawaambia kwa uhakika: basi lile halikimbii. Injini yake ni ya kawaida, dereva wake hana papara. Siri ni kwamba hakuna aliyesimama mbele yake. Mabasi ya Dar yaliongezwa mara ngapi miaka iliyopita, na yote yakaishia kwenye foleni ileile pamoja na malori na teksi? Mei 2016 ndipo basi lilipopewa barabara yake, kilomita 21 hivi za awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Januari 2018 jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Lilistahili!

Tazama pia ilivyofikiriwa. Njia imewekwa katikati, wala si pembeni, kwa sababu pembeni kuna kila balaa: gari linaloegeshwa, lori linaloshusha saruji dukani, bajaji inayochepuka, bodaboda inayosubiri mteja. Nauli unalipa kituoni, kwa hiyo mlangoni hakuna konda wa kubishana naye chenji. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Hilo la sakafu ndilo lililonigusa kuliko yote. Nilimwona mzee mwenye fimbo akiingia bila kunyanyua mguu, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi akaingia nyuma yake bila kushikwa kiuno na mtu wala kupigiwa kelele awahi. Nani kati yetu hajawahi kumsukuma bibi yake ndani ya daladala? Na vituoni njia imepanuliwa ili basi lisilosimama hapo lilipite lililosimama. Wabrazili wa Curitiba walianza kulipa basi njia yake mwaka 1974, wakafuata Wakolombia wa Bogotá mwaka 2000, na Dar ikachukua kilicho bora kwao.

Sasa, sisi watu wa Unyanyembe tuna sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Mji wetu ulizaliwa na njia. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika kwetu Juni. Miezi! Lakini msafara ule wa wapagazi ulikuwa na nidhamu: mstari mmoja, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, na Burton ameandika kwamba aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini. Mtemi Mirambo naye alijua thamani ya njia. Mwaka uleule wa 1871 alipoifunga ya kwenda Ujiji, Stanley na bunduki zake zote alilazimika kuzunguka kusini. Kisha mwaka 1912 reli ikafika Tabora kutoka Dar es Salaam, na kilichoifanya treni ishinde miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi si moshi peke yake. Treni ina njia ambayo mkokoteni hauingii.

Ndiyo maana naona hasira, hasira kabisa, nikiona bodaboda au gari la mkubwa limejipenyeza kwenye njia ya mwendokasi. Gari la wagonjwa, sawa, lipite na Mungu alisaidie. Wengine wote watozwe faini papo hapo kama alivyotozwa aliyempita kirangozi. Nairobi walipaka rangi nyekundu kwenye lami ya Thika Road kutenga njia ya mabasi, bila ukingo wala mabasi yenyewe, na magari yakaendelea kukanyaga rangi ile kana kwamba haipo. Ukingo wa zege unahitajika, na askari anayeusimamia.

Mabasi nayo lazima yatoshe. Asubuhi pale Kimara umati ni mkubwa, na njia nzuri kiasi kile ikipitiwa na mabasi machache ni dhuluma kwa watu waliosimama kituoni. Bonde la Jangwani nalo hufurika mvua zikizidi, na karakana ya mabasi ilijengwa palepale bondeni. Haya ni makosa ya kurekebishwa, na yanarekebishika. Njia ikishakuwepo, kilichobaki kinanunulika.

Njia yenyewe ndiyo ngumu kuipata ukichelewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Watu walilala nje. Tabora hatujafika huko. Kutoka Ipuli hadi sokoni, kutoka Ng'ambo hadi Kitete, bado tunaenda kwa bajaji na bodaboda, na anayesema hatuna foleni anasema kweli. Lakini reli ya kisasa, ambayo tangu 2024 inapeleka watu Dar na Dodoma, inajengwa kuja kwetu kutoka Makutupora. Siku ikifika, stesheni itamwaga watu, na watu wataleta maduka, na maduka yatakalia barabara.

Njia mbili za basi, ukiacha vituo, zinahitaji mita saba tu. Halmashauri ya Manispaa izichore leo kwenye ramani, stesheni hadi sokoni hadi hospitali, na kibali cha ujenzi kisitolewe juu yake hata kwa shemeji. Waheshimiwa madiwani, nendeni Dar mkajionee. Pandeni Kimara saa moja asubuhi, hata mkisimama, mshuke Kivukoni, halafu mrudi kwa teksi.