Nusu ya Picha

Kitabu cha A Seventh Man, kilichotolewa mwaka 1975, ni kazi ya watu wawili: John Berger aliandika maneno, na Jean Mohr alipiga picha. Habari yake ni ya wanaume waliotoka Uturuki, Yugoslavia, Ureno na kwingineko kwenda kufanya kazi za mikono katika nchi tajiri za Ulaya. Jina la kitabu limefumba hesabu: wakati ule katika Ujerumani ya Magharibi na Uingereza, mfanyakazi mmoja katika kila saba wa kazi hizo alikuwa mgeni.

Picha yenye maana kubwa kuliko zote kitabuni ilitokana na desturi ya wahamaji wenyewe. Wareno waliokwenda Ufaransa kwa siri walipigwa picha kabla ya safari, wakaichana vipande viwili: kimoja akapewa kiongozi wa njia, kingine akabaki nacho msafiri. Akifika salama, msafiri alikipeleka chake nyumbani. Kiongozi naye alikwenda na chake, na vipande vilipolingana ndipo jamaa walipolipa ujira. Uso uliochanwa ulikuwa barua, tena hati ya deni.

Ziwekwe kando yake picha alizopiga Mohr mjini Istanbul, ambako madaktari wa Kijerumani waliwapima Waturuki walioomba kazi. Wanaume wamesimama safu nusu uchi, nambari zimeandikwa kwa wino juu ya ngozi zao. Pale mwili ni mzima, lakini mtu hatafutwi. Katika kipande cha Mreno uso ni nusu, na mtu yu kamili, kwa kuwa wako wanaomngoja. Mtu kwao, wahenga walisema. Na kwao ni pale ambapo hata nusu ya uso wake hutambuliwa.

Mohr hakuwapamba watu hawa wala hakuwaombea machozi, na hiyo ni sifa yake. Ila ipo. Berger mwenyewe alikiri kwamba wanawake waliohama kutafuta kazi walikuwa wengi, akasema habari yao yataka kitabu kizima. Ukiri huo ni wa haki, walakini hauzibi pengo: mwanamke ugenini, mwenye kazi yake na upweke wake, hamo. Kitabu kilichosifu picha iliyochanwa chenyewe ni kipande kimoja, na cha pili chake kingali kinangojwa.